Stendi

Majira ya baridi kumi na tisa stendi nilikuwa mimi.
Nilishika kitabu, Sólvá akashika sindano;
yeye akifuma mabega ya masweta ya watu,
mimi nikisoma kwa sauti hadi usingizi uninyang'anye mstari.
Nikiruka ukurasa, alijua.
"Rudi," angesema, bila kuinua macho.

Hapa Tvøroyri, Desemba,
saa tisa alasiri giza limeshavuta kiti.
Mvua haidondoki. Inakuja ubavuni,
kama mgeni asiyejua mlango uko wapi.

Koo langu lilichakaa katikati ya kitabu.
Daktari akasema lipumzike; mjane wa hadithi akabaki melini
wiki sita, kati ya bandari mbili.
Sólvá akajinunulia kishikwambi cha kusomea,
chepesi kama kipande cha mkate mkavu,
akaniwekea mezani kando ya chai:
"Bárður, umetengeneza injini za feri miaka thelathini.
Nifanyie hiki kisimame chenyewe."

Nilikataa siku mbili. Ya tatu nikashuka ghalani
nikaung'oa mkono wa taa ya Rói,
taa aliyosomea hesabu kabla hajahamia Denmark.
Springi zake zina kinyongo bado:
ukiushusha unapanda tena, polepole,
kama mtoto anayebisha kwa adabu.
Kichwa cha taa nikakitoa. Waya nikaukata.

Jalada la nyuma lilifunguka kwa kadi ya benki na ukucha.
Ndani betri, nyembamba, ya kijivu, imelala.
Nimezoea mitambo inayonguruma ukikosea.
Hiki kingekufa kimya.
Nikapima nafasi: milimita mbili na ushei.
Skrubu niliyokuwa nayo ingefika moyoni.
Nikaikata kwa msumeno, nikaipiga msasa,
nikashika keekee, nikashusha pumzi,
na jalada likapasuka toka tundu hadi pembe.
Neno nililosema silirudii hapa.

Jalada la pili lilikuja kwa posta, siku tisa, upepo ukiikatalia feri.
Safari hii sikutoboa.
Nilikata kifuniko cha kopo la biskuti,
nikakigandisha mgongoni kwa gundi ya kuchanganya,
na pale ilipokaa balbu nikafunga sumaku nne
za spika iliyokwisha kusema yake yote.
Nikasogeza. Ta! Vikakamatana.
Ukitikisa, hakianguki. Ukivuta, kinakuja.

Usiku ule alikaa, kioo mbele ya uso,
mikono yote miwili ndani ya sufu.
Ukurasa ulipoisha akasita,
akainama,
akaugeuza kwa pua.
Kwa pua! Na kikakubali.
Nilicheka hadi nikakohoa.
Yeye alikuwa ameshapanda meli ya mjane.

Nikabaki na mikono yangu mapajani.
Sikujua kwamba mikono miwili ni mingi hivi.
Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.
Mwamba ngoma huvutia kwake, wamesema;
mimi nimeiwamba, nikamsogezea mwingine.
Niliporudi alikuwa anatabasamu, si kwangu.
"Nini?" nikauliza.
"Ngoja nimalize mstari."
Wa maneno au wa sufu, sikuambiwa.

Kwenye saa nne hivi akatoa kikapuni shada jipya la uzi,
la kijivu, la kondoo wa dada yake,
lenye harufu ya mvua bado.
"Nyosha mikono."
Nikanyosha. Akanivisha uzi viganjani,
akaanza kuuzungusha uwe mpira, kulia, kushoto,
na macho yakiwa kiooni akasoma kwa sauti,
taratibu, kwa ile sauti yake ya kuhesabu vifundo:
mjane ameshuka, mvua inanyesha, gatini hakuna mtu.

"Umeruka," nikasema, koo limejaa kutu.
"Palikuwa na mbwa."

"Shika vizuri," akasema. "Unalegeza."